Uelewa wa Bahari Vyuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wahadhiri, wakufunzi na wanachuo wanaotaka kufundisha, kujifunza au kupima uelewa wa bahari. Mwenye haraka anaweza kuruka hadi swali linalomhusu, ila lile la makosa ya kawaida tunaomba kila mmoja alisome. Hapo ndipo kozi nyingi hukwama.

Uelewa wa bahari ni nini hasa?

Ni kufahamu jinsi bahari inavyoathiri maisha yako na jinsi wewe unavyoiathiri bahari. Mwenye uelewa huo anatazamiwa kumudu mambo matatu: kueleza misingi ya utendaji wa bahari, kuizungumzia bahari kwa namna inayoeleweka, na kuamua kwa hoja katika mambo yanayoihusu bahari na rasilimali zake.

Kukariri hakutoshi. Mwanachuo anaweza kukutajia kuwa shimo la Challenger Deep, mahali penye kina kirefu kuliko pote baharini, lina kina cha mita 10,900 hivi, na papo hapo ashindwe kueleza kwa nini maji ya kilindini ni baridi sana hata pale kwenye ikweta, juani kabisa. Sababu ni kwamba maji hayo hayakutoka juu yake. Yalizama karibu na ncha za dunia, yakiwa baridi na yenye chumvi nyingi, hivyo mazito, kisha yakatambaa polepole sakafuni hadi huko. Swali la namna hii humtenga aliyeelewa na aliyekariri kwa dakika mbili. Majibu yote yanayofuata yamesimama juu ya msimamo huo: aliyeelewa bahari ni yule anayeweza kufuata mnyororo wa sababu na matokeo bila kukatika katikati.

Kanuni saba zinazotajwa kila mahali ni zipi, na zimetoka wapi?

Zilitungwa Marekani na wanasayansi pamoja na walimu, baada ya kuonekana kwamba mitaala ya sayansi ilikuwa karibu imeisahau bahari. Zilichapishwa mwaka 2005. Kwa maneno yetu, zinasema hivi:

1. Dunia ina bahari moja kubwa yenye sura nyingi.
2. Bahari na viumbe wake huiumba sura ya dunia.
3. Bahari ina nguvu kubwa juu ya hali ya hewa na tabianchi.
4. Bahari ndiyo inayoifanya dunia ikalike.
5. Bahari ni makao ya viumbe na mifumo ya ikolojia ya aina nyingi mno.
6. Bahari na binadamu wamefungamana, hawatenganishiki.
7. Sehemu kubwa ya bahari bado haijachunguzwa.

Chini ya kanuni hizo kulikuwa na dhana za msingi 44, na baadaye zikawa 45. Mwaka 2017 UNESCO, kupitia tume yake ya bahari, ilitoa mwongozo wa kuzifundisha kwa watu wote, na Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa sayansi ya bahari.

Kanuni ya kwanza hudharauliwa kwa sababu inaonekana nyepesi. Usiiruke. Majina ya bahari tunayoyaona kwenye ramani ni mipaka ya watu; maji yenyewe ni mamoja na yanazunguka. Asiyelishika hilo hatashika mikondo, usambaaji wa taka, uhamaji wa samaki wala mkataba wa bahari kuu uliopitishwa mwaka 2023.

Kanuni hizo ziliandikiwa shule. Je, zinamtosha mwanachuo?

Zinatosha kuwa mifupa, nyama ni lazima uongeze. Mwanachuo anahitaji mambo mengine mawili. La kwanza ni kufanya kazi na namba: kusoma grafu, kukadiria, kutilia shaka takwimu. La pili ni utawala wa bahari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi yenye pwani eneo la bahari la maili 12 za baharini na ukanda wa kiuchumi wa maili 200. Anayepata shahada bila kujua tofauti ya maeneo hayo mawili hawezi kuufuata mjadala wowote wa uvuvi, mafuta au uchimbaji wa madini ya kilindini.

Watafiti nao wameupanua uelewa wa bahari ukapita ujuzi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulitaja nyanja 10: ujuzi, utambuzi, mtazamo, tabia, uanaharakati, mawasiliano, mfungamano wa kihisia, fursa ya kuifikia bahari, uwezo wa kukabiliana na mabadiliko, na imani pamoja na uwazi. Usijaribu kuzifundisha zote katika muhula mmoja. Chagua tatu au nne utakazoweza kuzipima.

Nasoma uhasibu (au sheria, au uhandisi). Bahari inanihusu nini?

Sehemu kubwa kabisa ya bidhaa zinazovuka mipaka ya nchi husafirishwa kwa meli. Mawasiliano ya intaneti kati ya mabara hupita karibu yote kwenye nyaya zilizolazwa sakafuni mwa bahari, wala si kwenye setelaiti kama wengi wanavyodhani. Mhasibu atakutana na bima ya shehena, mwanasheria na mipaka ya baharini, mhandisi na kutu ya maji ya chumvi.

Ndiyo maana tunashauri kozi ya uelewa wa bahari iwekwe wazi kwa vitivo vyote. Ikiachwa kwa wanafunzi wa sayansi ya bahari peke yao, itawafikia walewale waliokwisha kuvutiwa.

Ni makosa gani ambayo wanachuo huyang'ang'ania zaidi?

*"Bahari ndiyo inayotengeneza oksijeni tunayovuta."* Ni kweli kwamba karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanyika baharini, kazi ya planktoni mimea na bakteria wasioonekana kwa macho. Lakini karibu oksijeni yote hiyo huliwa humo humo baharini na viumbe wanaopumua na bakteria wanaoozesha mabaki. Oksijeni iliyomo hewani ilijikusanya kwa mamilioni ya miaka, kwa kuwa sehemu ndogo ya mabaki ya viumbe ilifukiwa kwenye mashapo kabla ya kuoza. Planktoni wakifa leo, hatutakosa pumzi wiki ijayo. Kitakachoanguka kwanza ni mtandao mzima wa chakula cha baharini. Hoja ya kuwalinda inabaki na uzito uleule, na sasa inakuwa ya kweli.

*"Barafu inayoelea ikiyeyuka, usawa wa bahari hupanda."* Barafu inayoelea imekwisha kusukuma maji yenye uzito sawa na wake, hivyo ikiyeyuka hubadilisha kidogo mno. Inayopandisha bahari ni barafu ya nchi kavu. Ile ya Greenland peke yake, ikiyeyuka yote, ingetosha kupandisha bahari kwa takriban mita 7, na ya Antaktika kwa takriban mita 58. Sababu ya pili husahaulika kila mara: maji yakipata joto hutanuka. Wape wanafunzi hesabu hii. Bahari ina eneo la kilomita za mraba milioni 361; je, inahitajika barafu kiasi gani ya nchi kavu kuipandisha kwa milimita 1? Jibu ni kilomita za ujazo 361 za maji, yaani tani bilioni 361 hivi. Atakayeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake hatasema tena kwamba milimita chache kwa mwaka ni kitu kidogo.

*"Bahari imegeuka tindikali."* Haijageuka. Tangu mapinduzi ya viwanda pH (kipimo cha tindikali na alkali) ya maji ya juu imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, bado ni upande wa alkali. Kosa la pili huja hapohapo: mwanafunzi anaona 0.1 na kudhani hakuna kilichotokea. Kipimo cha pH ni cha logi, yaani kila hatua ya 1 ni badiliko la mara kumi. Kushuka kwa 0.1 ni ongezeko la ioni za haidrojeni la asilimia 26 hivi. Viumbe wanaojenga magamba na mifupa ya kalsiamu kaboneti, kama matumbawe na chaza, huumia kwa sababu ioni za kaboneti wanazozihitaji hupungua.

*"Kuna kisiwa cha plastiki katikati ya Pasifiki."* Ungepita hapo kwa mashua ungeona maji. Taka zimetawanyika, nyingi zikiwa vipande vidogo chini ya milimita 5, kutoka juu hadi chini. Ingekuwa kisiwa, kukiondoa kungekuwa kazi rahisi.

*"Uhai wote hutegemea jua."* Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, wanasayansi walikuta jamii nzima za viumbe zikiishi gizani kando ya chemchemi za moto za sakafuni, zikitegemea bakteria wanaopata nishati kutoka kwenye kemikali.

*"Sakafu ya bahari imeshapimwa yote."* Setelaiti zimetupa picha ya jumla. Iliyopimwa kwa sauti kutoka melini, kwa viwango vya kisasa, ni karibu robo tu.

Ukishawaambia jibu sahihi, kosa halitoki lenyewe?

Kwa kawaida halitoki. Mwanafunzi huandika jibu sahihi kwenye mtihani, miezi mitatu baadaye amerudi palepale. Kinachosaidia ni mpangilio huu: atabiri kwanza kwa maandishi, aone kwa macho yake kitu kinachopinga utabiri wake, kisha aeleze mwenyewe kwa nini alikosea. Akiruka hatua ya kwanza, hatua mbili zinazofuata hupoteza nguvu, kwa sababu kila mtu hudai baadaye kwamba "nilijua".

Tupeni jaribio moja la darasani ambalo halihitaji maabara.

La barafu katika maji ya chumvi na maji baridi (yaani yasiyo na chumvi). Tunalipenda kuliko mengine yote kwa sababu wengi wa darasa hutabiri kinyume.

Vifaa: glasi mbili zinazofanana, za mililita 400 au zaidi; maji mililita 600; chumvi ya mezani gramu 10.5, vipande viwili vya barafu vya ukubwa mmoja, vilivyogandishwa kwa maji yenye rangi ya chakula, kipimajoto, saa, mizani ndogo.

1. Tia mililita 300 za maji katika kila glasi. Katika glasi moja koroga gramu 10.5 za chumvi mpaka iyeyuke yote. Hapo umepata gramu 35 kwa lita, ambayo ni chumvi ya kawaida ya bahari.
2. Acha glasi zote mezani kwa saa moja au zaidi. Pima, joto lazima lilingane.
3. Waambie wanafunzi waandike: barafu ipi itaisha kwanza, na kwa nini?
4. Tia barafu taratibu, kwa wakati mmoja. Kuanzia hapo glasi zisiguswe.
5. Rekodi kila dakika 2: ukubwa wa barafu, mahali rangi ilipo, joto la juu na la chini.

Wengi hutabiri kwamba ya maji ya chumvi itaisha kwanza, kwani wanajua chumvi huyeyusha barafu. Hutokea kinyume. Katika maji yasiyo na chumvi utaona nyuzi za rangi zikishuka hadi chini: maji yaliyoyeyuka, kwa ubaridi wake, ni mazito kuliko yanayoyazunguka, yanazama, na maji ya uvuguvugu yanapanda kuchukua nafasi yake. Katika glasi ya chumvi rangi hukaa juu kama tabaka. Maji ya barafu hayana chumvi, hivyo ni mepesi kuliko yaliyo chini yake ingawa ni ya baridi. Yanabaki kuizunguka barafu na kuikinga na joto. Kipande hicho hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Likikuharibikia, tafuta sababu mojawapo kati ya hizi. Mtu ametikisa meza au amekoroga kwa kipimajoto, tabaka limevunjika. Maji ya chumvi hayakuachwa yatulie. Chumvi ikiyeyuka hupoza maji kidogo, na mwanafunzi makini atakuuliza kama ndiyo iliyoleta tofauti. Au glasi moja ni nyembamba kuliko nyingine. Kushika glasi kwa kiganja pia kunatosha kuanzisha mzunguko mahali pasipotakiwa.

Baada ya hapo ndipo mpeleke mwanafunzi baharini kwa mawazo: barafu ya nchi kavu ikimwaga maji mengi yasiyo na chumvi kaskazini mwa Atlantiki, kule ambako maji huzama na kuendesha mzunguko mkubwa wa bahari, nini kitatokea? Amekwisha kuona jibu kwenye glasi.

Je, jaribio la kutia gamba la konokono kwenye siki linafaa kuonyesha tindikali baharini?

Hatulishauri, ijapokuwa ni maarufu. pH ya siki ni karibu 2.5, bahari ni 8.1. Ioni za haidrojeni kwenye siki ni nyingi mara mia kadhaa elfu kuliko za baharini. Mwanafunzi anaona gamba linatoa povu, anaondoka na picha ya bahari inayochemka.

Tumia bromothaimoli ya bluu, rangi inayobadilika kutoka bluu hadi njano pH ikishuka kati ya 7.6 na 6.0. Tia mililita 100 za maji ya bahari katika chombo kimoja na mililita 100 za maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke) katika kingine, matone 10 ya rangi kila kimoja. Maji yaliyotoneshwa yanaweza kuanza yakiwa tayari ya kijani au njano, kwa kuwa hunyonya hewa ukaa ya chumbani. Yaongezee tone dogo la mmumunyo wa magadi mpaka yawe bluu. Kisha puliza kwa mrija. Toboa tundu dogo karibu na ncha ya juu ya mrija ili mtu asiweze kuvuta maji mdomoni.

Maji yaliyotoneshwa hubadilika kwa pumzi chache. Ya bahari hukawia, kwa sababu yana baikaboneti inayozuia pH isishuke haraka. Jambo linalowakwamisha wengi ni hili: huna maji ya bahari, unachanganya chumvi ya mezani na maji, na rangi inageuka upesi vilevile. Chumvi ya mezani haina kinga hiyo. Ongeza gramu 0.2 za sodiamu baikaboneti kwa kila lita, utakaribia uwezo wa kinga wa maji halisi ya bahari. Na hapo una somo la pili: kinga hukawiza, haizuii.

Chuo chetu kiko mbali sana na bahari. Tutafanyaje?

Data za bahari ni za bure, na nyingi ni nzuri kuliko utakazozikusanya kwa safari ya siku moja. Anza na maboya ya Argo. Ni vifaa karibu 4,000 vinavyoelea duniani kote: kila kimoja hukaa kwenye kina cha mita 1,000, na kila siku 10 hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda kikipima joto na chumvi, na kutuma vipimo kwa setelaiti. Mpe kila mwanafunzi boya moja karibu na ikweta na jingine kwenye latitudo za juu, achore joto kwa kina. Atauona mwenyewe ule mpaka ambapo joto hushuka ghafla, na atagundua kwamba kwenye latitudo za juu mpaka huo hufifia.

Kwa viumbe tumia hifadhidata ya OBIS, kwa kina cha sakafu tumia GEBCO. Kosa moja la kuepuka katika OBIS: alama nyingi kwenye ramani hazimaanishi viumbe wengi. Mara nyingi zinamaanisha watafiti wengi. Mwambie mwanafunzi alinganishe ramani ya alama na ramani ya njia za meli za utafiti kabla ya kutoa hitimisho.

Mito nayo ni mlango mzuri. Popote ulipo, maji yaendayo chini huwa yanaelekea mahali. Kufuatilia bonde la mto hadi mdomoni kunamfunga mwanafunzi na kanuni ya sita bila kutoka eneo lake.

Tukipata nafasi ya kwenda pwani, tufanye nini tusirudi na picha tu?

Soma kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa. Chagua siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji yanapotoka mbali. Anza kazi saa mbili kabla ya kupwa kabisa, ili maji yakianza kurudi uwe unamalizia. Siku ya maji mafu utakuta sehemu ndogo tu imeachwa wazi. Kumbuka pia kwamba kupwa kwa kesho kutachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko kwa leo. Ratiba ya basi iliyonakiliwa kutoka siku iliyotangulia hukuharibia kazi.

Tandaza futi ya kamba kutoka alama ya maji makuu kuelekea majini. Kila baada ya mita 5 weka fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, hesabu viumbe, kadiria asilimia ya mwani. Fanya mistari mitatu angalau. Fremu iwekwe pale namba inaposema, hata kama ni mchanga mtupu. Wanafunzi huivuta kuelekea penye vitu vya kupendeza, na data yote inapinda. Kabla ya kazi kuanza, watu wawili wahesabu fremu ileile bila kuambiana, halafu walinganishe. Wakitofautiana sana, kubalianeni upya ni nini kinahesabiwa.

Kwa taka, pima mita 100 sambamba na maji, okota kila kitu kinachozidi sentimita 2.5, panga kwa aina na matumizi yake: vifungashio, vifaa vya uvuvi, vitako vya sigara. Kupima uzito peke yake kunadanganya, kwani gogo moja la plastiki hufunika mifuko mia.

Jiwe lolote lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa. Viumbe wa chini yake hufa kwa jua, na wa juu yake hufa kwa kukosa mwanga. Tunalisisitiza hili kuliko mengine: kundi la watu 40 linaweza kuharibu kwa asubuhi moja kile lilichokwenda kujifunza kukitunza.

Tutapimaje uelewa wa wanachuo wetu?

Kwa hojaji yenye maswali 20 hadi 30, isiyozidi dakika 20. Kipo kipimo cha kimataifa cha ujuzi wa bahari kilichotengenezwa kwa vijana wa umri wa sekondari. Kinafaa kuanzia, ila kwa wanachuo ongeza maswali magumu zaidi.

Jaribu hojaji kwa wanafunzi 30 hivi ambao hawatakuwa kwenye utafiti wenyewe. Kwa kila swali angalia mambo mawili. Ni sehemu gani ya watu walipata? Wakiwa chini ya asilimia 30 au zaidi ya 80, swali halikusaidii sana. Je, waliofanya vizuri kwa jumla ndio waliolipata? Chukua asilimia 27 ya juu na 27 ya chini, toa kiwango cha kupata cha kundi la chini kutoka kile cha kundi la juu. Tofauti ikifika 0.3 au zaidi, swali ni zuri. Ikiwa hasi, lina mtego au jibu lenye utata, litupe.

Weka chaguo la "sijui". Bila hilo, kubahatisha kunafanana na kosa lililokita mizizi, na haya mawili hufundishwa tofauti kabisa.

Tunahitaji wanafunzi wangapi?

Inategemea swali. Ukitaka kukadiria hali ya chuo kikubwa kwa ukingo wa makosa wa asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95, ni 384. Namba hiyo hunakiliwa hata pasipohusika. Inadhani sampuli imechaguliwa kwa nasibu. Watu 384 waliojibu kiungo kilichotumwa kwenye kundi la simu si nasibu, na wengi wao ni wapenzi wa bahari tayari.

Ukilinganisha kabla na baada ya kozi kwa watu walewale, jozi 34 zinatosha kuona badiliko la ukubwa wa kati. Anza na 50, kwa sababu wengine hawatarudi. Ili kuzioanisha bila majina, kila mmoja atengeneze alama yake kwa herufi na tarehe asizoweza kuzisahau. Ukiiacha alama hiyo, huna jozi, na nguvu ya utafiti wako imepotea kabla ya kuanza.

Alama za baada zimepanda. Tuziripoti vipi?

Wastani peke yake huwaonea walioanza juu. Tumia nyongeza iliyosawazishwa: tofauti ya baada na kabla, ugawe kwa nafasi iliyokuwa imebaki. Darasa lililotoka 45 hadi 67 limeongeza 22 kati ya 55 zilizowezekana, yaani 0.4. Rudia kipimo miezi mitatu hadi sita baadaye. Namba ya siku ya mwisho wa kozi hupima kumbukumbu ya wiki hiyo.

Mtazamo wa wanafunzi haukubadilika hata kidogo. Kozi imeshindwa?

Huenda ni kipimo kilichogonga dari. Sentensi kama "ni muhimu kuilinda bahari" hupata alama 4.7 kati ya 5 siku ya kwanza, hakuna pa kupanda. Waulize wachague kati ya mambo mawili yenye gharama: eneo fulani lifungwe kwa uvuvi kwa miaka mitano huku wavuvi wakikosa kipato, au liachwe wazi huku samaki wakiendelea kupungua? Na kwa nini? Hapo mitazamo hutofautiana, na hoja zao zinaweza kupimwa. Angalia pia sentensi zenye mambo mawili ndani yake, kama "plastiki na kelele za meli ni hatari". Hujui mtu amejibu lipi.

Mtu akijua zaidi, atabadilisha tabia?

Kidogo, na si kila mara. Kati ya kujua na kutenda kuna desturi, muda, fedha na kama njia mbadala ipo. Kumfundisha mwanafunzi madhara ya plastiki katika chuo kisicho na mahali pa kujazia maji ya kunywa ni kumwachia mzigo asioweza kuutua. Bora kazi ya mwisho ya kozi ilenge uamuzi wa pamoja: wanafunzi wakague ununuzi wa kitengo kimoja cha chuo kwa mwezi, wahesabu kinachotumika mara moja na kutupwa, waandike pendekezo la kurasa mbili lenye namba, walipeleke kwa mwenye mamlaka ya kuamua. Jibu atakalotoa, hata likiwa ni "hapana", ni sehemu ya somo.

Wanafunzi wanatoka darasani wamekata tamaa. Tufanyeje?

Kila tatizo lifuatane na suluhisho lililowahi kufanya kazi, kwa undani uleule. Usitishaji wa uvuvi wa kibiashara wa nyangumi ulioanza mwaka 1986 umeruhusu baadhi ya jamii za nyangumi wenye nundu kurudi kwa wingi. Lakini usipake rangi: zipo jamii nyingine ambazo hazijarudi. Mwanafunzi wa chuo hustahimili ukweli mchungu kuliko matumaini ya kubuni.

Kozi ichukue muda gani?

Vipindi sita vya saa mbili vinatosha kwa msingi. Cha kwanza kipimo cha awali na makosa ya kawaida. Cha pili jaribio la barafu na mzunguko wa bahari. Cha tatu tindikali na joto. Cha nne data za Argo. Cha tano sheria na utawala. Cha sita mawasilisho ya ukaguzi. Muda ukipungua, punguza mawasilisho yako wewe mhadhiri, uache majaribio na data. Na kipimo cha mwisho usikiweke siku ya mawasilisho. Watu huwa wamechoka na nusu yao huondoka mapema. Kiweke mwanzoni mwa kipindi cha wiki inayofuata, katika somo lolote ambalo lazima wahudhurie.